Safari ya Mbugani na Watoto Wadogo

Neno safari ni letu kwa matumizi, ingawa asili yake ni Kiarabu, na kwa Mswahili halina fahari ya peke yake. Mtu aendaye Kahama kununua mchele yu safarini. Aendaye Ukerewe kumzika mjomba wake yu safarini. Na mzee akikata roho twasema amekwenda safari yake ya mwisho. Wageni walipolichukua neno hili katika lugha zao walilipunguza upana, wakalipa maana moja tu, yaani kwenda mwituni kuwinda wanyama au kuwatazama. Theodore Roosevelt, alipokuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit na msururu mrefu wa wapagazi, akaitangaza maana hiyo duniani kwa bunduki na kwa kalamu. Tangu hapo neno limeturudia likiwa limevaa kofia pana na kuning'iniza darubini shingoni, na mtu wa Mwanza alisikiapo katika maana hiyo hudhani kuwa ni habari ya watu wengine.

Jambo hili lastaajabisha kwa kila aitazamaye ramani. Kutoka mjini Mwanza hata lango la Ndabaka, ambalo ni mlango wa magharibi wa Serengeti, ni mwendo wa kama kilomita 140 kwa barabara ya lami iendayo Musoma. Mgeni wa London huvuka bahari, hubadili ndege, hulala njiani, naye hufika akiwa amechoka na kuishiwa fedha. Mtoto wa Kirumba au wa Igogo angaliweza kuondoka alfajiri na kurudi nyumbani usiku huo huo. Lakini mtoto huyo amjua simba kwa noti ya shilingi 2,000, kifaru kwa noti ya 5,000, na tembo kwa noti ya 10,000, na huyu wa mwisho hamwoni mara nyingi.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wazazi wenzangu. Kwa watu wa pwani hii ya ziwa mnyama wa mwitu hakuwa tamasha. Alikuwa kitoweo, au alikuwa hatari, au alikuwa mwizi wa mazao. Mpaka leo katika vijiji vya Bunda na Busega vilivyopakana na mbuga, tembo hutoka usiku wakaingia mashambani, na mtoto wa huko anayekesha akipiga madebe ili kuokoa mahindi ya baba yake hana haja ya kulipa kiingilio ili amwone. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mzaliwa wa Butiama, mahali ambapo si mbali na Serengeti, yasimuliwa kuwa alisema yeye binafsi hakutamani kuitumia likizo yake kwa kuwatazama mamba. Walakini ni yeye huyo aliyetoa tamko la Arusha la mwezi wa Septemba 1961, ambalo nchi ilijifunga kwalo kuwatunza wanyama hawa kwa ajili ya wajukuu. Sijaona mgongano katika maneno hayo mawili. Mtu aweza kulinda kwa moyo wote kitu ambacho hakimburudishi yeye, maadam ajua kuwa ni amana.

Basi wajukuu ndio hao, na kwangu mimi ni watatu kwa hesabu ya mama yangu: wa kwanza ana miaka tisa, wa pili sita, na wa mwisho mitatu na nusu. Lililotusukuma kupanga safari lilikuwa dogo sana. Mwanangu wa pili aliambiwa shuleni achore mnyama wa mwituni kwetu, naye kwa bidii na rangi nyingi akachora chui milia, mnyama ambaye hapatikani katika Afrika nzima isipokuwa ndani ya vizimba. Alikuwa amemwona katika kitabu cha picha kilichochapwa ng'ambo. Mama yake aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, kisha akaibandika ukutani juu ya meza ya chakula, wala hakusema neno. Tulikula chini ya chui milia yule kwa muda wa majuma matatu. Katika juma la nne tukaanza kupiga hesabu.

Fedha ndiyo neno la kwanza katika kupanga, na afadhali lisemwe wazi, kwa kuwa waandikao juu ya safari hizi hulifunika kwa maua. Kiingilio cha mwananchi si kikubwa. Hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile ambacho mgeni hutozwa kwa dola. Mtoto hulipa kidogo kuliko mtu mzima, na asiyetimiza miaka mitano huingia bure. Kilaji cha fedha ni motokaa. Gari la kawaida litapita katika majira ya kiangazi, lakini katika ukanda ule wa magharibi udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao Wasukuma huuita mbuga, na mvua moja yatosha kuugeuza kuwa gundi. Mwenye watoto wadogo hana ruhusa ya kukwama. Hana budi kukodi gari la juu lenye nguvu katika magurudumu yote manne, pamoja na dereva aijuaye njia, na bei yake kwa siku moja huweza kupita ada ya mtoto ya muhula mzima. Kwa hiyo watu wa mjini kwetu hushirikiana, nyumba mbili kwa gari moja. Nasi tulikuwa tumekwisha kupatana na jirani mmoja, mwalimu mwenye watoto wawili, kwamba tugawane gharama nusu kwa nusu.

Wakati haukutusumbua, na katika jambo hili mkazi wa Mwanza ana bahati ambayo wengi hawaijui. Nyumbu wa Serengeti, ambao idadi yao hupita milioni moja, hawakai mahali pamoja. Mwanzoni mwa mwaka huwa kusini wakizaa. Mvua za masika zikiisha huanza kwenda kaskazini, na katika mwezi wa Mei, Juni na Julai wengi wao hupita katika ukanda wa magharibi, kandokando ya mto Grumeti, ambao ni maarufu kwa mamba wake wakubwa. Shule zetu hufungwa mwezi wa Juni. Yaani wakati ule ule mtoto apewapo likizo ndefu ya katikati ya mwaka, wanyama nao huwa wamesogea karibu na ziwa, na ardhi imekauka. Mtu angetaka kupanga kalenda ya shule kwa kuwafuata nyumbu asingeweza kuipanga vizuri zaidi.

Swali lililokuwa gumu ni la umri. Mtoto wa miaka mitatu hupata nini mbugani? Wako watu wasemao hapati kitu, kwa kuwa atasahau. Na baadhi ya nyumba za wageni za mle ndani hukataa kabisa watoto wadogo, hasa zile za mahema zisizo na uzio, ambako fisi na nyati hupita usiku mlangoni. Sababu hii ya pili ni ya haki. Hiyo ya kwanza siikubali. Tukimnyima mtoto kila kitu atakachokisahau, hatutamwimbia wala kumbeba mgongoni. Lakini ni kweli kwamba mtoto hana saburi ya kukaa saa tisa ndani ya gari akingoja chui ashuke mtini. Macho yake hayako mbali. Yako karibu na chini. Yeye humtazama siafu muda mrefu kuliko tembo.

Kwa ajili hiyo tulianza na Saanane. Kisiwa hiki kipo ndani ya maji ya mji, na mashua kutoka upande wa Capri Point hufika kwa dakika chache tu. Kimepewa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekaa pale kabla serikali haijakichukua na kukifanya bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, mwaka 1964. Tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa, na miongoni mwa hifadhi zetu zote ni ndogo mno: eneo lake, pamoja na maji yake, halifiki kilomita za mraba tatu. Mtu mzima aliyezoea kusikia ukubwa wa Serengeti, kilomita za mraba 14,763, huweza kucheka. Mtoto hacheki. Kwa miguu yake mwenyewe atapanda juu ya miamba ile ya Mwanza iliyopangana kama mikate, ataona pimbi wakiota jua, ataona mijusi wenye vichwa vyekundu na viwiliwili vya buluu wakitikisa vichwa kama wazee wanaokataa posa, ataona swala pala, na hatafungiwa garini. Mwanangu mdogo alikaa mbele ya pimbi mmoja mpaka pimbi akachoka akaondoka. Tulipomwambia kuwa wataalamu humhesabu pimbi katika ukoo ulio karibu na tembo, mkubwa wao alikataa katakata, akidai kwamba baba anatania. Siku hiyo ilitufundisha mambo mawili ya kazi: kwamba saa nne ndiyo mwisho wa uvumilivu wa mdogo, na kwamba huyo mdogo hushikwa na haja pale tu palipo mbali na choo.

Maandalizi yaliyofuata sitayaeleza yote. Maji ya kunywa mengi kuliko mtakayoyahitaji; mfuko wa nguo za kubadili; kofia; sweta za asubuhi, maana Juni ina baridi; na poti ya mtoto, kwa sababu ndani ya mbuga mtu haruhusiwi kushuka garini popote apendapo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi chakula tulikipanga katika vikapu na mabakuli. Juu ya chakula hicho bibi yao alikuwa na neno. Alisema biskuti huleta kiu na kiu huleta haja, akatufungia matobolwa na karanga. Viazi vile vilivyochemshwa na kukaushwa havimwagiki, havinuki hata kumwita nyani, na mtoto akipewa kipande kimoja hukitafuna mpaka kilomita kumi zimepita. Sijaona chakula cha safari kinachokishinda.

Juu ya afya, baba mwenye watoto na asikilize, hata kama atasahau mengine. Kanda yetu ya ziwa ni miongoni mwa zile ziumizwazo sana na malaria, kwa hiyo chandarua hakina likizo. Maji ya ziwa pembezoni, penye magugu na konokono, yana kichocho, na mtoto aliyeungua jua njia nzima atakapoyaona karibu na Lamadi atalia apewe ruhusa ya kuoga, asipewe. Tena katika ukanda ule wa magharibi kuna mbung'o. Kuumwa na mbung'o huuma kweli kweli, nao wengine hubeba malale. Mwaka 2001 wageni kadhaa waliotembelea mbuga za Tanzania walirudi kwao Ulaya wakiwa na ugonjwa huo. Hatari yake si kubwa kwa mtu wa siku moja, walakini yapunguzwa kwa jambo rahisi: mbung'o hupenda rangi ya buluu na nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na fulana ya buluu ya timu ya mpira aliyoipenda kuliko ndugu zake. Mazungumzo ya kuiacha fulana ile yalidumu siku mbili, na yalihitaji babu mdogo kutoka Nyegezi kuja kusuluhisha.

Katika kupanga huko palizuka habari ya Rubondo. Mimi nilikuwa na shauku nayo. Ni kisiwa kikubwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, chenye msitu mnene, nzohe katika matete, na sokwe ambao Bernhard Grzimek na jumuiya ya Frankfurt waliwaleta kati ya mwaka 1966 na 1969 kutoka katika bustani za Ulaya. Wanyama waliokwisha kuzoea vizimba wakafunguliwa msituni, wakazaa, na watoto wao leo ni wa mwitu kamili. Niliona kuwa kwa watoto hadithi hiyo ni bora kuliko simba. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Baba watoto, wote watatu katika mashua moja?"

Sikuwa na jibu, na msomaji wa Mwanza hatauliza kwa nini. Tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika mjini kwetu, na watu wapatao mia nane wakafa. Shangazi yake mke wangu alikuwamo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, mahali ambapo watu wa nchi kavu waliwaona wenzao kwa macho, na idadi ya waliokufa ilipita mia mbili. Mtu aliyekulia mahali pengine humwona mwanamke kama mke wangu kuwa mwoga. Mimi namwona kuwa ana hesabu. Alikubali mashua ya Saanane kwa kuwa kisiwa kipo mkononi na ng'ambo zote mbili zaonekana. Na hata hapo alikwenda na wawili, akarudi, ndipo nikaja mimi na wa tatu. Rubondo ikawekwa kando. Serengeti ina simba na mamba na nyati, naye hakuiogopa hata kidogo. Aliogopa maji.

Ndipo mama yangu aliposema. Alikuwa amekaa kimya jioni nyingi huku sisi tukitandika ramani mezani, akichambua mchele. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Lamadi, wa miaka ya 1940. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959. Hayo mimi nimeyasoma vitabuni, lakini yeye aliyapata kwa njia nyingine. Alipokuwa msichana mdogo alikwenda kuokota kuni na wenzake mpaka penye mti fulani, na mwaka mmoja wakaambiwa kwamba mti ule sasa uko upande wa pili. Baba yake alikuwa mwindaji wa upinde. Mipaka ilipothibiti, mzee yule aliuning'iniza upinde darini, akalima pamba, wala hakuuteremsha tena. Mama aliyasimulia haya bila uchungu, kama mtu asemaye habari za hali ya hewa, kisha akaongeza: "Miaka yote hiyo nimepita kando yake kwa basi nikienda msibani. Ndani sijaingia. Mwanangu, kwa bei hiyo mnayolipa, wanaruhusu na wazee?"

Hapo hesabu yetu yote ikavurugika. Gari lilikuwa na viti saba tukimtoa dereva. Sisi watano na jirani pamoja na wanawe wawili tungekuwa wanane, na tayari tulikuwa tumekubali kumpakata mdogo wetu. Kwa mama hapakuwa na kiti. Ama aende yeye na jirani akose, na gharama yote iwe juu yetu. Ama aende jirani na yeye abaki. Niliwaza kumwahidi mwaka ujao, na maneno hayo yalinifika mpaka mdomoni. Lakini mtu wa umri ule haahidiwi mwaka ujao pasipo haya. Tulikuwa na fedha nyingine tulizozitunza kwa ajili ya mabati ya jiko la nje, ambalo kila masika huvuja juu ya moto. Ni mke wangu, ambaye ndiye anyeshewaye, aliyezitoa kabatini akaziweka juu ya ramani. Alisema jiko limevuja tangu aolewe na halijamuua, litangoja Desemba. Jirani tulimweleza kwa heshima. Naye, kama mtu aliyelelewa, alisema mama kwanza, akapata wenzake wengine wa kwenda nao juma lililofuata.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara ya Musoma hupita Igoma, mahali walipozikwa wengi wa wale waliokufa katika MV Bukoba, na mke wangu aliwaamsha watoto wakubwa wawili ili wapite hapo wakiwa macho. Kisha Kisesa, kisha Magu na daraja la Simiyu, kisha ziwa la ghuba ya Speke likaonekana upande wa kushoto, jeupe kama sinia. Mwingereza Speke alipofika kandokando ya maji haya tarehe 3 Agosti 1858 akayapa jina la malkia wake. Mama yangu hayaiti ila Nyanza.

Langoni tuliombwa vitambulisho, kwa kuwa bei ya mwananchi hutolewa kwa mwananchi aliyethibitika. Mama alifungua fundo la khanga yake, akatoa kitambulisho cha taifa, akakisukuma dirishani kwa vidole viwili. Karani wa pale, kijana mwenye adabu, alisoma mahali alipozaliwa, akainua macho, akasema: "Shikamoo bibi. Karibu nyumbani." Mama aliitikia "Marahaba" na hakusema zaidi, lakini nilimwona akijitengeneza khanga mara mbili.

Yale tuliyoyaona yameandikwa na wengi, nami sitashindana nao. Nyumbu walikuwa wengi hata mwanangu wa kwanza, aliyekuja na daftari la kuhesabia, alifika mia nne akalifunga. Tuliona viboko, pundamilia, twiga, topi, na mamba mmoja aliyelala ukingoni mwa Grumeti kama mtumbwi uliotelekezwa. Simba tuliwaona saa saba mchana, majike watatu chini ya mgunga, na wakati huo mdogo wetu alikuwa amelala usingizi mzito, naye hakuamka kwa hila yoyote. Alikuja kuamka kwa ngiri. Ngiri alipokimbia mkia wake ukiwa juu kama mlingoti, mtoto yule alicheka mpaka akakwamwa, na kwa siku nyingi baadaye ngiri ndiye Serengeti yote kwake.

Mwanangu wa pili, yule wa chui milia, alikaa ubavuni pa bibi yake muda wote. Mama alikuwa akiwataja wanyama kwa Kisukuma kabla dereva hajawataja kwa Kiswahili, akisema nani hulala wapi, nani hanywi maji siku ya upepo, na, jambo lililomfanya dereva apunguze mwendo ili asikie vizuri, sehemu ipi ya nyumbu ni tamu na ipi huachiwa mbwa. Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza: "Bibi, nyinyi mliwala?"

Nilitaka kuingilia. Ni jambo gumu kumleta mtoto mahali ambapo kila ubao wamwambia usiguse, halafu asikie kuwa babu mzaa bibi yake aligusa. Mama hakuhitaji msaada wangu. "Tuliwala," alisema. "Baba yangu alipiga mmoja, tukala wiki nzima, na majirani wakala. Na bado walibaki hawa." Alinyosha mkono dirishani kuwaonyesha. Mtoto aliwatazama nyumbu upya, kwa namna nyingine, kama atazamavyo mtu aliyetambulishwa kwa jamaa. Kisha akauliza hawa sasa ni wa nani. Mama alifikiri, akasema, "Sasa ni wa kutazama. Na wewe tazama vizuri." Mti wake wa kuni hakuuona, ingawa aliutafuta asubuhi na wakati wa kurudi. Dereva alisema huenda tembo waliuangusha. Hufanya hivyo sana.

Tulitoka langoni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kama sheria itakavyo, tukafika Mwanza usiku na vumbi puani. Siku ya kumi na moja mdogo alipata homa. Hatukungoja wala hatukumpa dawa ya kubahatisha. Tulimpeleka apimwe damu, tukamwambia daktari kwamba mtoto ametoka Serengeti na ameumwa na mbung'o mara mbili shingoni, ili atafute yote mawili. Nawasihi wazazi walitamke neno hilo wenyewe, kwa kuwa daktari hawezi kuisoma safari katika uso wa mtoto. Ilikuwa malaria, akapona kwa siku tatu. Usiku wa kwanza, kabla majibu hayajatoka, mke wangu hakulala, wala mimi. Na katika saa hizo za giza kila mmoja wetu aliijua hesabu ambayo mwenzake alikuwa akiipiga, lakini hakuna aliyeitamka.

Chui milia bado yupo ukutani, maana mwenyewe alikataa asibanduliwe. Pembeni yake amebandika karatasi nyingine yenye nyumbu kumi na saba na kizee kimoja kirefu kuliko wote, kimeshika upinde. Jiko la nje limepata mabati mwezi wa Desemba.

Habari ya Rubondo imefufuka, wala si kwa ulimi wangu. Tangu mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kama kilomita tatu, limefunguliwa, na mtu wa Mwanza aweza kwenda kwa gari mpaka Kasenda, upande wa Chato, pasipo kupanda kivuko. Hapo mvuko wa kwenda kisiwani huwa mfupi. Mke wangu ametoa masharti. Tutavuka asubuhi tu, kabla ya upepo. Tutavuka kwa mafungu mawili. Na kila mtoto atavaa jaketi la kuokolea la kipimo chake mwenyewe, tulilolinunua sisi na kulijaribu, siyo lile kubwa la watu wazima ambalo mtoto hulitoka kwa chini akiinua mikono. Tumekwisha kupata mawili. La tatu, la mdogo, bado twalitafuta. Jumamosi nimepewa habari ya duka moja karibu na bandari.